Je, Ni Dhambi Kuuza Unga wa Mgao Ili Kununua Samaki?



Liko swali ambalo kila mwezi, siku mbili tatu baada ya mgao, linarudi katika vikundi vya akina mama. Mama amepokea unga, maharage, mafuta na chumvi. Kesho yake anajitwika kilo 3 za unga, anakwenda sokoni, anarudi na fungu la ndagala, nyanya, kitunguu na mawese kidogo ndani ya chupa. Jioni harufu inatoka uani kwake, na maneno yanaanza. Wako wanaosema huo ni wizi, kwa kuwa chakula kilitolewa kiliwe, hakikutolewa kiuzwe. Wako wanaosema ni kukosa shukrani. Wengine wanasema ni kutamani vyungu vya Misri. Na yule mama akiyasikia hayo anafunika sufuria yake haraka, kama mtu anayeficha kitu cha aibu.

Jambo hili si dogo. Limegombanisha majirani, limegombanisha mume na mke, na wako waliojisikia hawastahili kukaa pamoja na wenzao kanisani kwa sababu yake. Kwa hiyo nitatoa jibu langu mapema, kisha nieleze sababu. Kubadilisha sehemu ya mgao kwa chakula kingine si dhambi, mradi kile kilichotoka katika chungu kirudi katika chungu hichohicho, kwa ajili ya vichwa vyote vilivyohesabiwa. Dhambi iko pale ambapo kilichotoka hakirudi.

NYUA ZA ASIATIQUE

Nianzie katika mtaa ambao wengi wetu tuliotoka Bujumbura tunaujua, yaani Asiatique. Jina lenyewe ni Kifaransa, maana yake mtaa wa watu wa Asia. Zamani, mji ulipokuwa ukiitwa Usumbura, watawala wa Kibelgiji walipanga watu kwa rangi zao. Wazungu walikuwa na upande wao, Waafrika wakawekwa Buyenzi na Belge (ndiyo Bwiza ya leo), na Wahindi na Waarabu wakapewa sehemu ya katikati. Wafanyabiashara hao asili yao ilikuwa mbali, Gujarat na Oman. Mbele palikuwa na duka, na nyuma ya duka palikuwa na ua, na uani ndipo familia ilipoishi na kupika.

Ni mtaa uliopangwa ili watu watengane, lakini ramani haizuii harufu. Sisi tuliokulia huko tunakumbuka jioni za namna hii: ua huu unanukia bizari na iliki, ua wa pili mama anatwanga isombe, ua wa tatu mukeke yuko juu ya mbabula na vitunguu vyake. Sikukuu ya Idi ilipofika, sahani za pilau zilivuka ukuta kuja kwa Wakristo. Noeli ilipofika, sahani zilizorudi zilikuwa na vyakula vyetu. Mama zetu walitufundisha kanuni moja: sahani ya jirani hairudi tupu. Hata kama huna kitu, utatia ndimu mbili au kiganja cha chumvi.

Nawaombeni muwatazame wale Wahindi na Waarabu kwa macho ya mtu aliye mbali na kwao. Walikuja wakakuta nchi yenye ugali, ndizi, maharage na samaki wa ziwa. Wangeweza kula hivyo tu na kushiba. Lakini mama wa Kihindi alitafuta unga wa ngano asukume chapati, na mama wa Kiarabu alitafuta mchele na viungo. Walichokosa walikifidia kwa kile walichokikuta sokoni. Hakuna aliyewaambia kwamba wanafuja. Na leo Mrundi akila chapati asubuhi au sambusa jioni hafikiri habari za Bara Hindi. Kwake ni chakula cha Bujumbura. Kile ambacho mgeni alikipika ili asisahau kwao kimekuwa zawadi yake kwa mji mzima.

Hapa ndipo ninapoanza kuona jibu. Ladha ya nyumbani si anasa tu. Kwa ladha hiyo watu wa nyumba moja wanajuana kwamba wao ni wa nyumba moja. Tuliokimbia mwaka 1972, wa mwaka 1993, na waliokimbia mwaka 2015, wote tuliacha mashamba na milango iliyofungwa kwa kufuli. Mikono ya mama tuliondoka nayo. Mtoto aliyezaliwa hapa makazini hajaliona ziwa Tanganyika, wala taa za wavuvi wa ndagala zikiwaka majini usiku usio na mwezi. Atalijua ziwa hilo kwanza kwa ulimi.

HAKUNA ALIYEWAHI KULA MGAO WOTE

Anayesema kwamba mgao ni wa kula tu na usiguse soko kamwe, na atazame jiko lake mwenyewe. Mahindi yakija ya punje, lazima yasagwe. Mwenye mashine anataka malipo, na mara nyingi analipwa kwa mahindi hayohayo. Maharage yaliyokaa ghalani muda mrefu hayaivi upesi, yanakula kuni za siku mbili. Kuni zisipopatikana, utanunua makaa, na fedha ya makaa inatoka katika unga. Sabuni nayo haimo katika gunia. Kwa hiyo swali letu si kama inafaa kubadilisha au haifai, kwa maana kila nyumba tayari inabadilisha. Swali ni kubadilisha kwa ajili ya nini, na kwa faida ya nani.

Tena msidhani kwamba anayetafuta samaki na mboga anatafuta utamu peke yake. Mashirika hupanga mgao kamili kwa kipimo cha kalori 2,100 kwa mtu mmoja kwa siku. Hicho ni kipimo cha nguvu ya mwili, lakini mwili unahitaji vingine pia. Mwaka 1990 huko Malawi, wakimbizi wa Msumbiji waliishi kwa mgao wa mahindi, na karanga zilizokuwa zikiongezwa katika mgao huo zikakosekana. Watu zaidi ya 18,000 wakapatwa na ugonjwa uitwao pelagra, ambao huchubua ngozi, huharisha na hata kuvuruga akili. Unatokana na kukosa vitamini moja ambayo mwili hauipati vya kutosha katika mahindi. Waliochunguza jambo hilo waliona kwamba kaya zilizokuwa na bustani zilipona zaidi.

Kwa hiyo mama anayebadilisha unga kidogo apate ndagala hafanyi upuuzi. Dagaa wanaliwa na miba yake, na miba hiyo inajenga mifupa ya mtoto. Mawese mekundu yana kile kinacholinda macho. Isombe, ambayo Watanzania wanaiita kisamvu na Wakongomani sombe, ina damu ndani yake, kama wazee wanavyosema, mradi itwangwe vizuri na ichemshwe muda mrefu bila kufunikwa ili sumu yake itoke. Bibi zetu hawakusoma vitabu vya lishe. Walijua tu kwamba ugali hauendi peke yake.

WAISRAELI WALIPOLILIA SAMAKI

Lakini Maandiko je? Wako ndugu wanaotukumbusha Hesabu 11. Waisraeli jangwani walichoka na mana, wakakumbuka samaki wa Misri, matango, matikiti, vitunguu na vitunguu saumu, wakalia, na Mungu akakasirika. Wanatuambia tuangalie, kwani walililia samaki kama ninyi.

Ni neno zito, na tusilipite haraka. Hebu tusome sura yote. Watu wale walidharau kile walichopewa. Tena katika kumbukumbu zao waliifanya Misri kuwa nchi njema, wakasahau matofali na mijeledi. Hilo ndilo lililokuwa baya. Mama anayekaanga ndagala hapa hasemi kwamba mgao ni takataka, wala hasemi kwamba vita tuliyoikimbia ilikuwa afadhali. Anachukua kile alichopewa na kukifanya kiwe chakula cha nyumba yake.

Na katika sura hiyohiyo, mstari wa 8, kuna jambo ambalo wengi tunalipita. Watu walikwenda wakaiokota mana, wakaisaga kwa mawe au wakaitwanga vinuni, wakaitokosa vyunguni, wakaifanya mikate. Maana yake walipika! Mana ilikuwa mgao uliotoka mbinguni kwenyewe, nao hawakuutafuna vilevile ulivyoanguka. Kila nyumba ilikuwa na kinu chake na chungu chake. Hakuna mahali palipoandikwa kwamba Mungu aliwakemea kwa kutwanga na kupika.

Tena kumbukeni namna mana ilivyogawiwa, katika Kutoka 16. Ilikuwa pishi moja kwa kila kichwa, kulingana na idadi ya watu katika hema. Aliyeokota nyingi hakuzidishiwa na aliyeokota kidogo hakupungukiwa. Mgao ulihesabiwa kwa vichwa, kama ulivyo kwenye kadi zetu. Hapo ndipo pana kipimo cha haki tunachokitafuta.

ESAU ALIKULA PEKE YAKE

Kadi ya nyumba ikiwa na watu 7, chakula kile ni cha watu 7. Si cha baba kwa sababu jina lake liko juu. Si cha mama kwa sababu ndiye aliyesimama kwenye foleni. Kichwa cha mtoto wa miezi 8 kimehesabiwa sawa na kichwa cha baba. Kwa hiyo anayetoa kilo 3 za unga ametoa mali ya watu 7, na kitakachorudi lazima kiwe cha watu 7.

Esau, katika Mwanzo 25, alitoka porini amechoka, akauza haki yake ya mzaliwa wa kwanza kwa chakula cha dengu. Tumezoea kusema kosa lake lilikuwa kuuza kitu cha thamani kwa kitu duni. Ni kweli. Lakini tazameni pia kwamba aliuza kitu kilichowahusu hata watoto wake ambao hawakuwa wamezaliwa bado, naye akala peke yake, akanywa, akaondoka.

Esau wa siku hizi tunaye. Ni yule baba anayechukua debe la unga usiku akalipeleka kwenye kilabu cha pombe, asubuhi watoto wanaulizana. Ni yule anayeweka kadi rehani kwa mfanyabiashara kabla ya mgao, hata siku ya mgao ikifika chakula kinapakiwa moja kwa moja kwenye baiskeli ya mwingine. Ni yule kijana anayeuza mafuta ya nyumba apate muda wa maongezi wa simu. Na tusiwasahau akina mama: yuko pia anayeuza unga apate kitambaa cha sherehe, akisema moyoni kwamba watoto watavumilia. Hawa wote wameingia soko lilelile na mama wa ndagala. Ukiwaona njiani na gunia kichwani huwezi kuwatofautisha. Tofauti utaiona jioni, uani, watoto wakinawa mikono.

Ndiyo maana nasema tusiwahukumu watu kwa kuwaona sokoni. Mtume Paulo anapomwandikia Timotheo (1 Timotheo 5:8) anasema kwa ukali kuhusu mtu asiyewatunza walio wake wa nyumbani. Hamuulizi mtu kama amekwenda sokoni. Anamwuliza walio nyumbani wako katika hali gani.

NA YULE ANAYENUNUA?

Hapa tumekuwa tukimsema anayeuza, huku anayenunua anakaa kimya kwenye benchi la mbele. Siku ya mgao unga unakuwa mwingi na bei inaanguka. Mnunuzi anajua kwamba mama hana makaa, anajua mtoto anaumwa, anatoa bei ya kutupa. Wiki ya mwisho wa mwezi, unga umekwisha majumbani, anauza unga uleule kwa wenyewe, mara mbili ya bei. Na kipimo chake cha kununulia ni kopo lililobonyea kwa nje, na cha kuuzia ni kopo lililobonyea kwa ndani. Nabii Amosi alikutana na watu hao (Amosi 8), waliongoja sabato iishe wapate kuuza ngano kwa kipimo kidogo na fedha kubwa. Kanisa likitaka kukemea biashara ya mgao, lianzie hapo. Na akina mama wakitaka kujikinga, waende sokoni kwa kikundi, wapatane bei pamoja, wala wasiuze siku ya kwanza.

HOJA YA MTOAJI

Bado iko hoja moja ya haki. Chakula hiki kimetoka kwa watu tusiowajua. Je, hatuvunji kusudi lao? Nafikiri kusudi la mtoaji ni kwamba nyumba hii iishi. Mashirika yenyewe yameanza kulitambua hilo. Huko Kakuma nchini Kenya, mwaka 2015, Shirika la Mpango wa Chakula Duniani lilianzisha utaratibu ulioitwa Bamba Chakula, ambapo sehemu ya mgao ilitolewa kwa njia ya simu, na familia ikajichagulia chakula kwa wachuuzi waliosajiliwa. Katika makambi ya Rwanda na makazi ya Uganda nako familia nyingi zimepewa fedha badala ya magunia. Yaani mtoaji mwenyewe alikubali kwamba mama anajua zaidi kinachopungua katika chungu chake. Lililo halali kwa simu haliwezi kuwa dhambi kwa sababu limefanyika kwa ungo.

Hata hivyo, mahali palipo na amri ya wazi inayokataza kuuza, tusiidharau kimyakimya. Viongozi wetu waipeleke hoja hii mbele ya wahusika, waeleze habari za mashine, kuni na mboga. Kusema ukweli hadharani ni bora kuliko kila mmoja kufunika sufuria yake.

UA MDOGO, FURAHA NDOGO

Iko njia nyingine ambayo haipunguzi unga wa mtu, nayo ni ua wetu wenyewe. Yeremia aliwaandikia watu waliochukuliwa mateka Babeli (Yeremia 29) wajenge nyumba, wapande bustani na kula matunda yake. Watu wale walitamani kurudi kwao kesho. Aliwaambia wapande mbegu leo, na habari ya kurudi aliwapa vilevile. Mambo hayo mawili hayagombani. Anayepanda mpapai hapa makazini hajasema kwamba amelisahau ziwa.

Kiroba kilichojazwa udongo na mbolea, kikatobolewa ubavuni, kinatoa lengalenga kwa nyumba nzima. Maji ya kuoshea vyombo yanatosha kukimwagilia. Kuku wawili wanakula mabaki na wanafukua wadudu. Vitunguu vichache karibu na mlango, pilipili moja, mche wa mhogo kwa ajili ya majani. Na kuna kitu kingine ambacho bustani inatoa: mtoto anaona kitu kinachokua kwa sababu yeye alikimwagilia. Katika maisha ambayo karibu kila kitu kinakuja kwa orodha na kwa foleni, hilo si jambo dogo.

Wako wanaoona aibu kufurahi. Wanajiuliza, ndugu zangu wengine hawajulikani walipo, nitachekaje uani kwa sababu ya sambusa? Ndugu, huzuni yako haiwaongezei wale chakula. Bwana wetu mwenyewe, baada ya msalaba, mikono ikiwa na makovu, aliwasha makaa kandokando ya ziwa, akawapikia samaki wavuvi waliochoka usiku kucha (Yohana 21). Makovu yalikuwepo, na samaki alikuwepo, na waliambiwa waje wale.

MPAKA WAKE

Nisije nikaeleweka vibaya. Mgao unapokatwa, kama ulivyokatwa mara nyingi katika miaka hii, tumbo linatangulia ladha. Ikiwa kununua samaki leo kutawalaza watoto na njaa wiki ya mwisho, samaki huyo ni ghali mno, mwache. Ndagala kiganja kimoja kilichopondwa na kutiwa ndani ya maharage kinatosha kuleta harufu ya nyumbani. Mama mwenye akili anapima hayo, tena anapima pamoja na mume wake na watoto wakubwa, mchana kweupe, si kwa siri.

Basi, mpendwa msomaji, kabla hujatoka na unga, jiulize mambo matatu. Je, watu wote wa kadi wanajua na wamekubali? Je, kitakachorudi kitaliwa na wote, hata yule mdogo? Je, tutafika mwisho wa mwezi? Ukiweza kujibu ndiyo mara tatu, nenda sokoni kwa amani. Ukirudi, usifunike sufuria. Na kama jirani yako hana kitu siku hiyo, mpelekee kidogo kwenye sahani. Naye akirudisha sahani ina majani mawili ya mchicha, pokea kwa mikono miwili.

Mungu awabariki, na abariki majiko yenu.